Urekebishaji wa kabureta mbadala kwenye Yamaha Banshee

Urekebishaji wa kabureta ni kazi ya kuchagua na kupanga jeti, sindano na skrubu za kabureta ili injini ipate petroli na hewa kwa uwiano unaofaa katika kila kiwango cha mwendo. Makala hii inaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika kwenye Yamaha Banshee, pikipiki ya magurudumu manne yenye injini ya mapigo mawili, baada ya kabureta zake za asili kuondolewa na kufungwa nyingine zinazouzwa na watengenezaji wa vipuri. Kwenye injini nyingi kabureta iliyopangwa vibaya huleta moshi, ulaji mkubwa wa mafuta au uvivu. Kwenye injini ya mapigo mawili inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, petroli ikipungua, oili nayo hupungua wakati uleule joto linapopanda, na pistoni inaweza kuharibika ndani ya dakika chache. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kuanza na petroli nyingi, kisha kuipunguza kidogo kidogo.

Chombo chenyewe

Yamaha YFZ350, inayojulikana zaidi kwa jina la Banshee, iliingia sokoni Marekani mwaka 1987. Iliuzwa huko hadi mwaka 2006. Injini yake ina silinda mbili zilizo sambamba na hupozwa kwa maji. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 64, na pistoni husafiri milimita 54, hivyo ujazo wote ni sentimita za ujazo 347. Injini hiyo ilitokana na ile ya pikipiki ya barabarani Yamaha RZ350. Ina gia sita, huwashwa kwa kupiga kiki, na akseleta yake husukumwa kwa kidole gumba.

Kila silinda ina kabureta yake. Kabureta za kiwandani zilikuwa Mikuni zenye mdomo wa milimita 26. Banshee ilipendwa sana na waendeshaji wa kwenye mchanga, hasa katika vilima vya mchanga vya Imperial huko kusini mwa California, ambako watu hukusanyika kwenye eneo la Glamis wakati wa miezi ya baridi. Kupanda kilima kirefu cha mchanga huku akseleta imefunguliwa yote ni kazi nzito kwa injini, na ndiyo iliyowafanya wamiliki wengi kubadili bomba la moshi, kichujio cha hewa na hatimaye kabureta.

Kwa nini injini ya mapigo mawili ni tofauti

Pigo ni safari moja ya pistoni, kwenda juu au kushuka chini. Katika injini ya mapigo mawili mwako hutokea kila pistoni inapofika juu, yaani mara moja katika kila mzunguko wa kranki. Pistoni inapopanda, mchanganyiko wa hewa na petroli huvutwa kuingia ndani ya nyumba ya kranki iliyo chini yake. Kwenye Banshee mchanganyiko huo hupita kwenye valvu za ndimi, yaani vibapa vyembamba vinavyofunguka upande mmoja tu. Pistoni inaposhuka, mchanganyiko husukumwa kupitia njia za pembeni hadi juu ya pistoni.

Kwa kuwa nyumba ya kranki ndiyo njia ya mchanganyiko, haiwezi kujazwa oili kama kwenye injini ya mapigo manne. Beringi za kranki, ringi za pistoni na kuta za silinda hulainishwa na oili inayoingia pamoja na mchanganyiko wenyewe.  Kwenye Banshee oili huchanganywa moja kwa moja kwenye tangi la petroli.

Petroli pia hupoza. Inapogeuka kuwa mvuke hunyonya joto kutoka kwenye hewa, kranki na sehemu ya chini ya pistoni. Mchanganyiko wenye petroli pungufu, ambao katika makala hii unaitwa mwepesi, huongeza joto la pistoni. Alumini ya pistoni hutanuka kuliko ukuta wa silinda, nafasi kati yake huisha, na pistoni hushika ukutani. Mafundi husema injini imenoki. Mchanganyiko wenye petroli nyingi, yaani mzito, huchafua plagi na kupunguza nguvu, lakini ni mara chache huharibu chuma kwa ghafla.

Jinsi kabureta inavyofanya kazi

Hewa inayopita kwenye sehemu nyembamba ya kabureta huongeza mwendo, na shinikizo lake hushuka. Petroli iliyo kwenye bakuli la chini, ambako shinikizo ni la hewa ya kawaida, husukumwa kupanda kupitia jeti na kuingia kwenye mkondo wa hewa. Kwa petroli ya kawaida, gramu moja huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili kuungua yote. Injini hutoa nguvu nyingi zaidi inapopata mchanganyiko mzito kidogo kuliko huo, karibu na gramu 12.5 hadi 13 za hewa kwa gramu moja ya petroli.

Hakuna tundu moja linaloweza kutoa uwiano huo katika kila mwendo. Kwa hiyo kabureta ina njia kadhaa, na kila moja hutawala kwa zamu kulingana na jinsi slaidi ilivyoinuliwa. Mipaka ya zamu hizo huingiliana:

- Jeti ndogo na skrubu ya hewa: kuanzia akseleta ikiwa imefungwa hadi robo. Hizi ndizo zinazopanga mwendo wa injini chombo kikiwa kimesimama, ambao mafundi wengi wa Tanzania huuita sailensa.
- Mkato wa slaidi, yaani upinde uliokatwa chini ya slaidi upande wa hewa: kuanzia moja ya nane hadi karibu nusu. Namba kubwa ya mkato hupitisha hewa zaidi, hivyo mchanganyiko huwa mwepesi.
- Sindano iliyoning'inia kwenye slaidi: kuanzia robo hadi robo tatu. Unene wake, mteremko wa ncha yake na nafasi ya klipu huamua petroli inayopita.
- Jeti kuu: kuanzia robo tatu hadi mwisho.

Jambo linalowachanganya wanaoanza ni kwamba njia hizi hufuata nafasi ya akseleta, wala si kasi ya chombo. Injini ikisumbua katika gia ya sita huku akseleta ikiwa nusu, tatizo liko kwenye sindano. Kubadili jeti kuu hakutasaidia.

Kabureta mbadala

Kabureta zinazofungwa mara kwa mara kwenye Banshee ni za aina ya Keihin PWK, zenye mdomo wa milimita 28 kwa injini ambayo haijabadilishwa sana, na milimita 33 au 35 kwa injini iliyopanuliwa njia zake za hewa. Mikuni pia hutengeneza kabureta zenye slaidi bapa. Lectron ya Marekani hutumia ufito wa kupimia petroli badala ya sindano na jeti za kawaida, hivyo hatua za makala hii haziihusu yote.

Ukubwa wa mdomo una gharama yake. Eneo la mdomo hufuata mraba wa kipenyo. Mdomo wa milimita 35 una eneo mara 1.8 ya ule wa milimita 26. Injini inapovuta kiasi kilekile cha hewa, mwendo wa hewa hiyo kwenye mdomo mkubwa hushuka hadi asilimia 55 tu. Mvuto unaoinua petroli hufuata mraba wa mwendo, kwa hiyo hubaki takriban asilimia 30 ya ule wa awali. Ndiyo maana kabureta kubwa kupita kiasi huifanya injini kuwa nzito kuitikia katika mizunguko ya chini, ingawa huweza kuongeza nguvu katika mizunguko ya juu. Ndiyo maana pia jeti za kabureta ya zamani haziwezi kuwa mwongozo wa kabureta mpya.

Namba za jeti nazo hazilingani kati ya watengenezaji. Namba ya jeti kuu ya Keihin huhusiana na kipenyo cha tundu, ambapo 160 ni milimita 1.60. Jeti kuu za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita hupangwa kwa kiasi cha petroli kinachopita. Kuhamisha namba kutoka aina moja kwenda nyingine ni kosa. Isitoshe, sokoni kuna nakala nyingi za PWK za bei nafuu ambazo matundu ya jeti zake hayaaminiki, hata kama namba imeandikwa. Anayetumia kabureta ya namna hiyo hushauriwa kununua angalau jeti na sindano kutoka kwa mtengenezaji halisi.

Maandalizi

Injini inayovuta hewa mahali pasipotakiwa haiwezi kurekebishwa kwa jeti. Kabla ya kuanza, mambo yafuatayo hukaguliwa.

Uvujaji wa hewa. Mipira inayounganisha kabureta na injini, gasketi na sili mbili za mwisho wa kranki zinaweza kuingiza hewa ya ziada. Kwenye Banshee mipira hiyo miwili huunganishwa na bomba dogo, ambalo nalo hupasuka kwa uzee. Kabureta kubwa huhitaji mipira mipana zaidi. Fundi huziba milango ya hewa na ya moshi, hujaza hewa yenye shinikizo la karibu bar 0.4, kisha huangalia kama geji inashuka. Maji ya sabuni huonyesha mahali panapovuja.

Oili.  Oili lazima ichanganywe kwenye petroli kabla injini haijawashwa hata mara moja. Kwa uwiano wa 32 kwa 1, lita 5 za petroli huhitaji mililita 156 za oili. Kwa uwiano wa 20 kwa 1 huhitaji mililita 250. Uwiano huchaguliwa kwanza na haubadilishwi wakati wa majaribio, kwa sababu oili huchukua nafasi ya petroli ndani ya jeti. Kutoka 32 kwa 1 kwenda 20 kwa 1 hupunguza petroli kwa karibu asilimia 1.8. Mtu anayeongeza oili ili kuilinda injini, bila kugusa jeti, hufanya mchanganyiko uwe mwepesi zaidi.

Mfumo wa TORS. Kabureta za kiwandani zina visanduku vya swichi juu yake. Slaidi ikikwama juu wakati dereva ameachia akseleta, mfumo huo hudhibiti cheche ili injini isiendelee kukimbia. Kabureta mbadala hazina swichi hizo, kwa hiyo mfumo huondolewa. Pengo hilo huzibwa kwa swichi ya kuzima injini yenye kamba inayofungwa mkononi mwa dereva. Slaidi zote mbili hukaguliwa kama zinarudi chini zenyewe, na usukani hugeuzwa hadi mwisho pande zote ili kuhakikisha kebo haivutwi.

Ulinganifu wa kabureta mbili. Slaidi lazima zianze kupanda kwa wakati mmoja na zifike juu pamoja. Moja ikitangulia, silinda moja itakuwa nyepesi na nyingine nzito, na plagi zitaonyesha rangi mbili tofauti.

Boya na petroli. Kimo cha boya hupangwa kama mtengenezaji anavyoelekeza. Petroli ikiwa chini sana bakulini, jeti kubwa haisaidii kitu. Koki ya tangi na mpira wa petroli pia lazima vitoe petroli ya kutosha kwa kabureta mbili kubwa.

Kichujio na bomba la moshi. Urekebishaji hufanywa chombo kikiwa na vifaa vilevile vitakavyotumika. Kuondoa kifuniko cha kisanduku cha hewa baada ya jeti kupangwa ni kubadili urekebishaji wote.

Hatua za urekebishaji

Kanuni ni mbili: kubadili kitu kimoja kwa wakati, na kuandika kila badiliko pamoja na hali ya hewa ya siku hiyo. Injini hupashwa moto kwanza, na choki huzimwa kabisa.

1. Kuanza na mchanganyiko mzito. Jeti kuu kubwa kuliko inayotarajiwa hufungwa, na klipu ya sindano huwekwa mfereji wa katikati. Skrubu ya hewa hukazwa taratibu hadi mwisho, kisha hulegezwa mzunguko mmoja na nusu.

2. Sailensa. Skrubu ya mwendo huinuliwa hadi injini isimame yenyewe bila kuzimika. Kisha skrubu ya hewa huzungushwa polepole mpaka injini izunguke kwa kasi na kwa utulivu zaidi, halafu skrubu ya mwendo hurudishwa chini. Kwenye kabureta hizi kulegeza skrubu ya hewa huongeza hewa na kufanya mchanganyiko uwe mwepesi. Kama mahali pazuri panapatikana skrubu ikiwa imelegezwa chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo iliyofungwa haitoshi, na huwekwa kubwa zaidi. Kama ni zaidi ya mizunguko miwili na nusu, jeti ndogo imezidi.

3. Jeti kuu. Mahali pa wazi, akseleta hufunguliwa yote katika gia ya tatu au ya nne. Jeti ikiwa kubwa mno, injini hukoroma na kukatakata bila kumaliza mizunguko. Hupunguzwa kwa hatua moja hadi injini ivute safi. Jeti inayofuata chini ya hapo haifungwi kabla plagi hazijasomwa.

4. Sindano. Akseleta hushikiliwa robo, nusu na robo tatu. Injini ikisitasita na kutoa moshi mzito, klipu hupandishwa mfereji mmoja ili sindano ishuke. Injini ikiwa na joto, ikikosa nguvu au ikigonga kwa sauti kali kama kokoto ndani ya kopo, klipu hushushwa ili sindano ipande na petroli iongezeke.

5. Kurudia sailensa. Baada ya jeti kuu na sindano kutulia, skrubu ya hewa hukaguliwa tena, kwa sababu njia zote huingiliana.

Kusoma plagi

Plagi mpya hufungwa, injini hupelekwa akseleta ikiwa wazi yote kwa umbali wa kutosha, kisha dereva huzima swichi na kushika klachi kwa pamoja bila kufunga akseleta polepole. Chombo huachwa kisimame, na plagi hufunguliwa. Injini ikiachwa kuunguruma hata kidogo, rangi inayoonekana huwa ni ya sailensa, si ya jeti kuu.

Kinachotazamwa ni pete ya rangi chini kabisa ya kauri, karibu na mwili wa chuma. Pete ya kahawia ni dalili nzuri. Kauri nyeupe kabisa yenye madoadoa madogo ya kung'aa ni onyo: madoa hayo yanaweza kuwa alumini iliyotoka kwenye pistoni. Nyeusi yenye unyevu ni mchanganyiko mzito. Petroli za leo zisizo na risasi huacha rangi hafifu kuliko za zamani, kwa hiyo plagi husomwa pamoja na kichwa cha pistoni. Pistoni yenye afya huwa na masizi juu, isipokuwa sehemu ndogo zilizosafishwa na mchanganyiko mbichi karibu na njia za kuingilia. Sehemu hizo zikikosekana kabisa, mchanganyiko ni mwepesi.

Vipimo vya oksijeni kwenye bomba la moshi, vinavyotumika sana kwa injini za mapigo manne, hudanganya hapa. Sehemu ya mchanganyiko mbichi hupita moja kwa moja kwenda kwenye bomba bila kuungua, ikiwa na oksijeni yake. Kipimo cha joto la moshi husaidia zaidi, hasa kulinganisha silinda mbili.

Hali ya hewa na mwinuko

Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto. Kabureta haijui hivyo. Hupima ujazo, haipimi uzito. Kwa nadharia ya mtiririko, uwiano wa hewa kwa petroli hubadilika kwa kufuata kipeuo cha pili cha uzito wiani wa hewa.

Mfano wa jangwani unaonyesha ukubwa wa jambo hili. Kabureta ikipangwa adhuhuri kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, kisha chombo kikaendeshwa alfajiri kwenye nyuzi 5, uzito wiani wa hewa huwa umeongezeka kwa asilimia 9. Mchanganyiko huwa mwepesi kwa zaidi ya asilimia 4. Petroli hufuata eneo la tundu, kwa hiyo kufidia asilimia 4 huhitaji kuongeza kipenyo kwa karibu asilimia 2: Keihin 160 hubadilishwa kuwa 162 au 165. Jeti iliyoonekana kamili mchana, bila akiba yoyote ya uzito, inaweza kunokisha injini asubuhi ya pili katika kilima kilekile.

Mwinuko hufanya kinyume. Mji wa Denver, Colorado, uko mita 1,609 juu ya bahari, ambako uzito wiani wa hewa ni karibu asilimia 86 ya ule wa pwani. Kabureta iliyopangwa pwani huwa nzito huko kwa takriban asilimia 8, na jeti 170 hushushwa hadi 165 au 162. Hatari huja wakati wa kurudi: mwenye chombo akishuka kutoka milimani bila kurudisha jeti za pwani, injini huwa nyepesi.

Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli, inayouzwa kwa wingi Marekani, nayo huhitaji kiasi kikubwa kidogo cha mafuta kwa hewa ileile.

Dalili kwa ufupi

- Injini hukoroma juu kabisa na haimalizi mizunguko: jeti kuu ni kubwa.
- Injini huvuta vizuri kwanza, kisha hupoteza nguvu ghafla katika mbio ndefu: mchanganyiko mwepesi au petroli haitoshi bakulini. Dereva hushika klachi na kuzima mara moja.
- Kuvuta choki kidogo huongeza nguvu: mchanganyiko ni mwepesi.
- Akseleta imeachiwa lakini mizunguko hushuka kwa kuchelewa: uvujaji wa hewa au jeti ndogo haitoshi.
- Akseleta ikifunguliwa ghafla injini hufa kidogo kisha hushika: mchanganyiko wa mwanzo ni mwepesi. Ikikohoa na kutoa moshi: ni mzito.
- Plagi moja nyeusi na nyingine nyeupe: kabureta hazilingani, au silinda moja inavuta hewa.

Jambo lingine ni kushuka mteremko mrefu kwa gia huku akseleta imefungwa. Injini huzunguka kwa kasi lakini hupata petroli kidogo, na oili kidogo pamoja nayo. Waendeshaji wazoefu hushika klachi au hufungua akseleta kidogo kila baada ya muda.

Usalama na sheria

Kufungua bakuli la kabureta humwaga petroli. Kazi hufanywa mahali penye hewa, mbali na moto na sigara, injini ikiwa imepoa. Majaribio ya kasi hufanywa mahali panaporuhusiwa, kwa kofia na mavazi kamili. Katika ardhi za umma za Marekani bomba la moshi hutakiwa kuwa na kizuizi cha cheche.

Mwaka 2002 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilitoa viwango vya moshi kwa vyombo vya burudani vya nje ya barabara, vilivyoanza kutumika kwa pikipiki za magurudumu manne za toleo la 2006. Injini za mapigo mawili zinazotumia kabureta hutoa petroli nyingi isiyoungua, na ilikuwa vigumu kutimiza viwango hivyo.

Nafasi yake leo

Pikipiki mpya za mapigo mawili zimeanza kuacha kabureta. KTM ya Austria ilileta pikipiki za nje ya barabara zinazopuliza petroli kwa kompyuta kuanzia toleo la 2018, na kompyuta hiyo hufidia joto na mwinuko yenyewe. Hata hivyo Banshee nyingi bado zinatembea. Katika Afrika Mashariki, pikipiki za Yamaha DT125 zilizotumiwa sana na wafanyakazi wa afya na miradi ya vijijini ni za mapigo mawili na zina kabureta yenye njia zilezile nne, ingawa ni moja badala ya mbili. Fundi anayeelewa zamu ya jeti ndogo, mkato, sindano na jeti kuu anaweza kuzirekebisha zote kwa utaratibu uleule, akianzia upande wa mchanganyiko mzito.